Kunywa Kwanza

Mtaani walimwita Maiti, na hakuna aliyemwonea kwa jina hilo. Katika miaka yake yote ya kuigiza, kazi aliyopewa mara nyingi kuliko nyingine ilikuwa kufa. Alilala mtaroni, alilala chini ya meza, alilala kitandani huku waigizaji wenye majina makubwa wakimlilia kifuani. Alikuwa hodari wa kubana pumzi. Dada yake alikuwa akisema kwamba mdogo wake ndiye mtu pekee duniani anayekufa kila mwezi na Jumapili bado anakuja kula.

Basi siku ya uzinduzi wa filamu ambayo ndani yake, kwa mara ya kwanza, alikuwa hai tangu mwanzo mpaka mwisho, ungedhani mtu huyu angekuwa anaelea kwa furaha. Wapi! Alikaa safu ya pili, ndani ya koti la kuazima lililombana makwapani, akilitazama pazia jeupe kama mgonjwa anavyoitazama sindano. Nyuma yake ukumbi ulikuwa umejaa mamia ya watu, lakini mgongoni alihisi macho ya mmoja tu. Shemeji yake alikuwa amekuja.

Hakumwalika. Kila mwigizaji alipewa kadi za mwaliko, naye za kwake alizigawa kwa kinyozi na kwa mpangaji mwenzake, akahakikisha hakuna hata moja inayofika nyumbani kwa dada. Lakini shemeji alikuwa mwalimu wa udereva, na nusu ya watu wa mji ule wanaojua kushika usukani walikuwa wamepitia mikononi mwake, akiwemo mwanamke aliyeongoza filamu hiyohiyo. Mwongozaji ndiye aliyempelekea kadi, kwa heshima zote. Maiti alipowaona wakiingia, shemeji mbele na suti ya kijivu, dada nyuma na mtandio mpya, aliteremka kitini mpaka kola ya koti ikamfika masikioni.

Mwalimu, ndivyo mji mzima ulivyomwita, alikuwa mtu wa kupendwa. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Ukiligonga gari lake kwenye nguzo, angekuambia, "Taratibu, mama, nguzo haikimbii." Watu walicheka, wakajifunza, wakapata leseni zao, na harusini wakamweka meza ya mbele.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Miaka miwili nyuma, dada alikwenda chumbani kwa Maiti na mdomo uliovimba, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamwambia.

"Kabla hajanipiga huniagiza maji," alisema. "Namletea. Anakunywa nusu, halafu glasi ananipa mimi. Ananiambia, kunywa kwanza. Nikimaliza anaipokea, anaiweka mbali isije ikavunjika. Ndipo anaanza."

Alilisema hilo huku akicheka kidogo, kicheko cha mtu anayeona aibu kwa niaba ya mwenzake. Kisha akamwambia, "Hakuna mtu mwingine anayejua. Nimekuambia wewe."

Maiti alilia siku ile, akaapa kwamba kesho yake angemkabili shemeji. Kesho hiyo haikufika. Jumapili ilipofika alikwenda kula kama kawaida, Mwalimu akamkatia kipande kikubwa cha nyama, akamuuliza habari za kazi kwa sauti yake ya upole, na Maiti akajikuta anacheka. Aliogopa ile mikono, ndiyo, lakini sauti ile aliiogopa zaidi. Tusimcheke. Wapo wengi wamekula meza moja na mtu wanayemjua, wakasema chakula kitamu.

Halafu ikaja filamu. Alipewa nafasi ya mfanyabiashara wa mbao, mtu wa watu, ambaye nyumbani kwake humpiga mkewe. Siku ya kupiga picha za ugomvi alishindwa asubuhi nzima. Mwongozaji, mama mnene mwenye filimbi shingoni, alichoka naye.

"Unapiga kama unafukuza kuku jikoni!" alimwambia mbele ya kila mtu. "Huyu anatakiwa atutishe kabla hajainua mkono. Nipe kitu. Kitu kidogo tu, cha kwako."

Mwigizaji ni mwizi, na wenyewe hawafichi. Mwendo wa huyu, kikohozi cha yule, vyote huwekwa akibani mpaka siku ya shida. Maiti alichovya mkono akibani bila kutazama. Aliomba glasi ya maji. Akanywa nusu, akamnyoshea mwanamke aliyeigiza mkewe, akasema kwa upole, taratibu, kama mtu anayemfundisha mwenzake kurudisha gari nyuma, "Kunywa kwanza." Akaipokea glasi, akaiweka mbali na ukingo wa meza.

Mpambaji alilia kwelikweli. Mwongozaji alisahau kusema "kata" ili kamera zizimwe. Baadaye alimkumbatia Maiti, akamwambia kwamba sasa amekuwa mwigizaji, na Maiti akafurahi mpaka alipokuwa njiani kurudi kwake, ndipo akakumbuka glasi ile ni ya nani. Kesho yake alikwenda kwa mhariri wa picha akamsihi aitoe sehemu ile. Mhariri, macho yake hayakuondoka kwenye kompyuta, alisema, "Tutaona." Naye, kwa kuwa alitaka sana kusikia ndiyo, akasikia ndiyo.

Haikutolewa. Taa zilizimika, filamu ikaanza, na ilipofika sehemu ile ukumbi ukanyamaza hata feni zikasikika. Uso wake ulijaa pazia zima. Mkono wake, mkubwa kama mlango, ukanyosha glasi. Kunywa kwanza. Mtu mmoja nyuma alisema, "Mungu wangu." Kisha ukumbi ukalipuka kwa makofi, makofi ya watu waliotishwa na kufurahia kutishwa, na Maiti alihisi vitu viwili kwa pamoja ambavyo hakujua kuwa vinaweza kukaa kifua kimoja. Alihisi raha ambayo hajawahi kuipata maishani. Na alitaka kutapika.

Hakugeuka nyuma. Alijiambia kwamba akigeuka atajifichua mwenyewe. Filamu ilipokwisha waigizaji waliitwa jukwaani, jina lake likapata vifijo vingi kuliko majina ya wengi, na kutoka juu pale aliweza kuziona safu zote. Viti viwili vilikuwa vitupu.

Nje ya ukumbi, uani, palipangwa meza za soda na vitafunio. Jua lilikuwa bado halijazama. Hakufika hata kwenye meza ya kwanza kabla mtu hajamnyoshea glasi.

"Kunywa kwanza!" alisema mtu huyo, na wenzake wakaangua kicheko.

Ikawa ndiyo salamu. Kila aliyempongeza alimnyoshea glasi na maneno yale, wengine wakijitahidi kuigiza upole wake. Alicheka nao. Kazi yake ni hiyo, hata meno yalijua wapi pa kuonekana. Huku mkono mmoja mfukoni ulikuwa unaibonyeza simu, unampigia dada, na simu inaita mpaka inakata.

Mwanamke wa miwani mikubwa alimshika kiwiko akamvuta pembeni. Alikuwa mtayarishaji wa filamu nyingine, na mwigizaji wake mkuu alikuwa amevunjika mguu.

"Gari linaondoka kesho alfajiri," alisema. "Tunakwenda mbali, mwezi mzima. Nakutaka wewe. Mtu aliyeibuni ile glasi anaweza kubuni chochote."

Maiti alisema ndiyo kabla mama wa watu hajamaliza. Alisema asante mara nyingi kuliko inavyofaa. Machozi yalimlenga, na yalikuwa ya furaha, asikudanganye mtu. Halafu akapiga simu tena, na safari hii ikapokewa.

"Nyota wetu!" ilisema sauti ya Mwalimu. "Samahani, tuliwahi kutoka, dada yako alisema kichwa kinamuuma. Lakini sasa yuko sawa. Yuko jikoni. Si uje, shemeji? Njoo tukupongeze."

Alijibu kwamba anakuja. Kisha hakwenda. Alikunywa soda nyingine, akapiga picha na watu asiowajua, akaenda msalani akakaa humo akisoma matangazo ya mlangoni. Aliogopa kukuta jambo limeshatokea, na aliogopa kulikuta halijatokea. Alijua kila dakika anayoipoteza anailipia dada yake, na bado miguu ilikataa. Mwishowe mfagizi aligonga mlango, akamuuliza kama yuko salama, na aibu ikafanya kile ambacho upendo ulishindwa. Akatoka, akaondoka kwa miguu.

Gari la mafunzo lilikuwa limeegeshwa nje ya nyumba, limenyooka kama limepimwa kwa rula. Taa za sebuleni zilikuwa zinawaka. Maiti alisimama langoni akisikiliza. Alisikia sufuria likifunikwa. Sufuria tu. Akabisha hodi.

Mwalimu alimfungulia akiwa na tabasamu, mikono ya shati ameikunja vizuri. Alimkumbatia, akampigapiga mgongoni, akamkalisha kwenye kochi lake mwenyewe. Akaisifu filamu. Akaisifu sauti ya Maiti, akasifu suti ya yule mfanyabiashara wa mbao, akasema mnyama kama yule anastahili kufungwa. Maiti alimtazama usoni akitafuta ufa, asiuone. Matumaini yakaanza kumtambaa. Labda mtu hajioni. Labda kujitazama siyo kujijua.

Ndipo Mwalimu aliponyanyuka, akaenda mezani, akamimina maji kwenye glasi. Akanywa kidogo. Akaja nayo mpaka pale kochini.

"Kunywa kwanza, shemeji," alisema.

Alikuwa anatabasamu. Mji mzima ulikuwa umemwambia maneno hayo jioni ile, na wote walitabasamu. Maiti aliipokea glasi kwa mikono miwili kwa kuwa mmoja usingetosha. Akanywa. Mwalimu akaipokea ikiwa tupu, akaiweka katikati ya meza.

"Nikamsalimie dada," alisema Maiti.

"Msalimie," alisema Mwalimu. "Nyumba ni yako."

Dada alikuwa ameinama kwenye sinki, anasugua sufuria lililokwisha kutakata. Mtandio mpya ulikuwa umetundikwa kwenye msumari. Hakugeuka.

"Hajajijua," Maiti alinong'ona. "Dada, nimemwangalia sana. Hajajijua."

"Amejijua."

"Amekuambia?"

"Ndani ya gari hakusema neno. Aliendesha taratibu, taa zote alisimama. Tulipofika hapa akaniambia nipike, mdogo wako atakuja." Aliweka sufuria chini. "Anangoja uondoke."

Maiti alitaka kusema samahani, na neno likawa dogo hata kulitamka ilikuwa aibu. Alilitamka hivyohivyo.

"Mimi nilikuambia mtu mmoja," alisema dada, na sasa aligeuka. Hakuwa analia. Alikuwa na hasira ambayo mdogo wake hajawahi kuiona, hasira iliyopoa siku nyingi. "Nilikuambia ili uniondoe hapa. Hukuniondoa, nikasema basi, ana hofu, ni mdogo wangu. Kumbe ulikuwa unakariri! Leo nimekaa pale watu wanapiga makofi, na mimi nimeshikwa mkono. Alinishika mkono, sehemu ile nzima. Ulijua?"

"Nilimwambia mhariri aitoe."

"Mhariri," alisema dada. "Ukaweza kumwambia mhariri."

Na wakati huohuo mlangoni palisikika kelele, vicheko na hodi za watu wengi. Majirani walikuwa wamekuja. Fundi cherehani wa nyumba ya pili na mkewe, muuza duka wa kona, na watu wengine nyuma yao waliojaa mpaka barazani. Mtu fulani ukumbini alikuwa amerekodi kipande kile cha glasi, na kilikuwa kimeshaenea kwenye simu za mtaa mzima.

"Maiti amefufuka!" alipiga kelele fundi cherehani. "Yuko wapi? Aje atuigizie ile ya maji!"

"Atawaigizia," alisema Mwalimu. Aliwakaribisha ndani mmoja mmoja, akasogeza viti, akamwita Maiti kwa ishara ya kidole. Halafu, kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka, akasema, "Na mke wa filamu hayupo. Mama, njoo umsaidie mdogo wako. Wewe uwe mke."

Alijaza glasi mwenyewe. Akaiweka mkononi mwa Maiti, akamfunika vidole kwa kiganja chake mwenyewe, akabana kidogo zaidi ya inavyotakiwa.

Dada alitoka jikoni. Alisimama mbele ya mdogo wake, mikono ikidondosha maji, katikati ya majirani waliokuwa wanatabasamu na simu zao juu. Maiti alimtazama. Aliona kwamba anachotakiwa kufanya ni kidogo sana. Kunyosha mkono. Kusema maneno mawili. Watu wangecheka, wangeaga, wangekwenda kwao, naye alfajiri angepanda gari na kwenda mbali, na nyumba hii ingefunga mlango wake. Maji yalimwagika kwenye vidole.

"Haya basi!" alisema muuza duka.

"Siwezi," alisema Maiti. Akarudia, safari hii kwa sauti. "Siwezi kuiigiza hii. Si yangu. Sikuibuni mimi." Alinyosha glasi, lakini siyo kwa dada yake. "Ni ya kwake huyu. Hivi ndivyo anavyomfanyia dada yangu kabla ya kumpiga. Mimi niliiba tu."

Palikuwa na kicheko kimoja, cha mtu wa nyuma ambaye hajaelewa, nacho kikafa chenyewe. Mwalimu alitikisa kichwa kwa huruma.

"Shemeji amechoka," aliwaambia wageni. "Siku ilikuwa ndefu."

Watu walitaka kumwamini. Maiti aliwaona wakitaka. Walikuwa wamefundishwa kuendesha na mtu huyu. Kisha wote, kwa pamoja, wakamgeukia dada.

"Ni kweli," alisema dada.

Mke wa fundi cherehani alishika mdomo. "Ile siku ya bafuni," alisema polepole. "Uliniambia umeteleza."

"Sikuteleza."

Muuza duka aliishusha simu yake. Hakuna aliyempigia Mwalimu kelele, hakuna aliyemgusa, wala hakuna aliyejua pa kuyaweka macho. Waligawanyika tu katikati, pakawa na njia nyembamba kati ya viti mpaka mlangoni. Dada alichukua mtandio wake jikoni, akavaa viatu, akapita. Maiti alimfuata nyuma. Alipomkaribia shemeji yake aliisikia ile sauti sikioni, ndogo, ya kirafiki, kama mtu anayemtahadharisha mwenzake kuhusu kona.

"Taratibu, shemeji. Taratibu."

Walitembea haraka. Kila gari lililowapita, Maiti aligeuka kuzitazama taa zake. Alikuwa amesikia watu wakisema kwamba ukishasema ukweli unapata wepesi. Yeye hakupata wepesi wowote. Alikuwa na hofu zaidi kuliko alipoingia, na mkono wake wa kulia bado ulikuwa umelowa.

"Kwako anapajua?" dada aliuliza.

"Hapajui. Hajawahi kukanyaga. Alikuwa anasema uchochoro wetu haufai hata baiskeli."

Walikwenda tena kidogo.

"Na kesho?"

Maiti alimweleza habari ya yule mwanamke wa miwani, gari la alfajiri, mwezi mzima. Aliposema aliyevunjika mguu alikuwa mwigizaji mkuu, sauti yake ilipanda yenyewe kwa furaha, akaisikia, akaishusha.

"Utakwenda?"

Alitaka kusema hapana. Ingekuwa sentensi nzuri, na alijua namna ya kuitamka. "Nataka kwenda," alisema.

Dada hakukasirika wala hakushangaa. Alisimama chini ya taa ya duka lililofungwa, akanyosha mkono.

"Nenda. Mwombe mpangaji mwenzako asimwambie mtu kwamba nipo. Na ufunguo uniachie."

Maiti aliutoa mfukoni, ukamponyoka, akauokota, akampa. Dada aliufumbata mkononi kwa nguvu, vidole vikageuka vyeupe.

"Ukirudi hiyo siku," alisema, "usiingie tu. Bisha hodi. Na uite kwa sauti yako mwenyewe, nijue ni wewe."